Matiko: Ugumu na Ushupavu wa Chuma katika Lugha ya Wahunzi

Neno gumu limebebeshwa kazi nyingi katika Kiswahili. Mti huwa mgumu, mtihani huwa mgumu, moyo huwa mgumu, na chuma nacho huwa kigumu. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huo wa maana hauna dhara. Lakini mtu akitaka kueleza kwa nini panga moja hupasua nazi mwaka mzima bila kuharibika, na jingine huvunjika kwa pigo moja, neno hili peke yake humpoteza njia. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba wahunzi walikwisha kuzitenga maana hizo kwa maneno yao wenyewe, na kwamba ni hasara kwetu sisi tutungao istilahi kuyapuuza.

Kazi ya chuma si ngeni katika nchi hizi. Al-Idrisi, katika kitabu cha jiografia alichokimaliza mwaka 1154, aliandika juu ya machimbo ya chuma ya Malindi na Mombasa, na juu ya chuma cha Sofala kilichopelekwa Bara Hindi. Huko bara, Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza mwaka 1978 matokeo ya uchunguzi wao katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Nyanza: kwamba tanuri za huko zilitoa chuma chenye kaboni, yaani pua, miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wataalamu wengine walibishana nao juu ya namna upepo ulivyopashwa moto katika tanuri hizo. Lakini kwamba kazi yenyewe ni ya kale, hapana shaka.

Kiswahili kina majina kadha ya chuma kizuri. Pua ni moja. Feleji ni jingine, na kamusi za zamani zaeleza kuwa upanga wa feleji ni upanga mrefu wenye makali kuwili. Lakini neno lenye elimu kubwa kuliko hayo ni matiko. Pua na feleji hutaja aina ya chuma. Matiko hutaja hali ambayo chuma hutiwa kwa moto na maji. Chuma chenye kaboni ya kutosha kikipashwa moto hadi kiwe chekundu, kisha kikatumbukizwa ghafula katika maji au mafuta, huwa kigumu mno, na papo hapo huwa chepesi kuvunjika kama kioo. Mhunzi ajuaye kazi haishii hapo. Hukisugua kikang'aa, akakirudisha penye moto mdogo na kuiangalia rangi yake. Ikifika rangi ya majani makavu, karibu na digrii 230 za Selsiasi, kisu hubaki na makali ya kudumu. Ikifika samawati, karibu na digrii 300, hupungua ugumu, lakini hupata kuvumilia mapigo. Basi sifa hizi mbili hazipatikani pamoja bure: moja huuzwa ili nyingine inunuliwe.

Jambo hili laonekana wazi pembeni mwa Dar es Salaam. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mapanga na majembe yalifuliwa katika kiwanda cha Ubungo Farm Implements, kilichojengwa kwa msaada wa Uchina huko Ubungo, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kinondoni. Lakini mafundi wadogo wa Temeke, Tandika na Mbagala hufua vyuma chakavu, nao hujua tofauti ya vyuma hivyo kwa jinsi vinavyoharibika. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo, haishiki matiko ya maana. Panga lake likigonga mfupa hupinda. Tupa ina kaboni ipatayo asilimia 1 au zaidi. Hushika makali ya ajabu, lakini ikiachwa na ugumu wake wa awali humeguka. Bamba la springi ya lori, ambalo aina yake moja mashuhuri huko Marekani huitwa 5160, lina kaboni ipatayo asilimia 0.6 na kromi isiyozidi asilimia 1. Limeundwa kubeba mishtuko ya barabara, na likitiwa matiko sawasawa, huinama likarudi.

Maabara nazo zina vipimo viwili mbalimbali. Kipimo cha Rockwell huonyesha jinsi chuma kinavyokataa kubonyezwa. Kile cha Mfaransa Georges Charpy, cha mwaka 1901, huangusha nyundo ikavunja kipande cha chuma, na nguvu iliyotumika kukivunja ndiyo hesabu. Chuma kiitwacho D2, chenye kaboni ipatayo asilimia 1.5 na kromi ipatayo 12, hakiliki upesi, kwa kuwa kimejaa chembe ngumu sana. Lakini ufa huanzia penye chembe hizo, na kwa pigo kali hushindwa na springi ya lori.

Jirani yangu mmoja alikwenda kwa fundi akaagiza panga la "chuma kigumu kuliko vyote". Fundi alimtii, akamfulia la tupa. Siku ya tatu, alipokuwa akikata gogo la mkorosho, ncha ilimeguka ikamchoma shavuni, chini kidogo ya jicho. Nilipomwuliza fundi, alinijibu: "Mwalimu, yeye alitaka gumu. Angesema la kazi, ningempa la springi."

Jibu hilo latupasa kulifikiri. Nashauri ugumu liwe jina la sifa ya kutobonyezwa, na ushupavu liwe jina la sifa ya kupokea pigo bila kuvunjika. Unyumbufu halifai hapa, maana hutaja kuinama na kurudi tu. Huenda wengine wakasema kuwa shupavu ni sifa ya mtu. Lakini gumu nalo husemwa juu ya moyo, wala hatukulikatalia chuma. Neno matiko halina budi kurudi katika vitabu vya ufundi, kwa sababu mwanafunzi alijuaye hatauliza tu chuma hiki ni aina gani. Atauliza pia kimetiwa matiko ya kazi ipi.