Lowell, Massachusetts: Chimbuko la Mji wa Mifereji na Makumbusho ya Urithi Wake

Lowell ni mji wa jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ulio kiasi cha kilomita 40 kutoka Boston, mahali ambapo mto Concord unaingia katika mto Merrimack. Ukipita mjini humo, Merrimack huteremka takriban mita 10 katika mwendo wa kilomita moja na nusu hivi, kwenye maporomoko yaitwayo Pawtucket, na mteremko huo ndio uliouzaa mji. Mifereji yake, ambayo kwa jumla ina urefu wa kilomita 9 hivi, haikuchimbwa kwa ajili ya kupitisha watu na bidhaa kama ile ya Venice au Amsterdam, isipokuwa mmoja tu ulio mkongwe kuliko yote. Ilichimbwa ili kugawa nguvu ya maji miongoni mwa viwanda vya nguo, na kwa sababu hiyo historia ya Lowell haiwezi kuelezwa vizuri bila kueleza kwanza jinsi maji yalivyopimwa, yalivyokodishwa na yalivyogombewa.

Kabla ya Wazungu kufika, maporomoko ya Pawtucket yalikuwa kituo kikubwa cha uvuvi cha Wapennacook, ambao kila majira ya kuchipua walikusanyika hapo kuvua samoni na samaki wengine waliopanda mto kutoka baharini kwenda kutaga mayai. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi, Passaconaway, alichagua kuishi kwa amani na walowezi Waingereza. Mwaka 1653 mhubiri John Eliot alipata ardhi ya kuanzisha Wamesit, kijiji cha wenyeji walioingia Ukristo, lakini vita vya 1675 na 1676 kati ya walowezi na mataifa ya wenyeji viliwaangukia hata wale ambao hawakushika silaha, na kufikia mwisho wa karne ya 17 sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa wakulima wa mji jirani wa Chelmsford. Samaki waliendelea kupanda mto kwa muda zaidi kuliko wavuvi wao wa kwanza, mpaka mabwawa ya karne ya 19 yalipowafungia njia.

Mfereji wa kwanza ulitokana na biashara ya mbao. Magogo kutoka misitu ya New Hampshire yaliteremshwa mtoni hadi kwenye karakana za meli za Newburyport, na maporomoko yalikuwa yakiyavunja au kuyakwamisha. Mwaka 1792 wafanyabiashara wa huko walianzisha kampuni iliyoitwa Wamiliki wa Malango na Mifereji ya Mto Merrimack, na kufikia 1796 walikuwa wamekamilisha mfereji wa Pawtucket, unaozunguka maporomoko kwa msaada wa vyumba vya maji. Chumba cha namna hiyo kina lango upande wa juu na lango upande wa chini: chombo kikishaingia, maji hujazwa au hupunguzwa taratibu mpaka kifikie usawa wa sehemu inayofuata. Mradi huo haukustawi kwa muda mrefu, kwa sababu mwaka 1803 ulifunguliwa mfereji wa Middlesex, wenye urefu wa kilomita 43 hivi, ulioanzia juu ya maporomoko na kuipeleka biashara ya bonde zima moja kwa moja hadi Boston. Mfereji wa Pawtucket ukabaki na mapato madogo na hisa za bei rahisi.

Hisa hizo ndizo zilizonunuliwa kimyakimya mwaka 1821 na matajiri wa Boston, pamoja na mashamba yaliyouzunguka mfereji, kabla wenye mashamba hawajatambua nini kilichokusudiwa. Wanunuzi hao, wakiwemo Nathan Appleton na Patrick Tracy Jackson, walikuwa washirika wa Francis Cabot Lowell, aliyekwenda Uingereza mwaka 1810, akatazama kwa makini mitambo ya kufumia nguo ambayo Waingereza walikataza michoro yake isitoke nchini, na aliporudi akaiunda upya kwa msaada wa fundi Paul Moody. Katika kiwanda chao cha Waltham, kilichoanza kufuma mwaka 1814, pamba iliingia ikiwa marobota na kutoka ikiwa kitambaa ndani ya jengo moja, lakini mto wa Waltham haukuwa na nguvu ya kuendesha zaidi. Lowell mwenyewe alifariki mwaka 1817 bila kuuona mji uliopewa jina lake. Kampuni ya Merrimack Manufacturing Company iliundwa mwaka 1822, ikafuma kitambaa chake cha kwanza mwaka uliofuata, na mwaka 1826 eneo hilo likatengwa na Chelmsford kuwa mji mdogo. Mwaka 1836, ukiwa na wakazi 18,000 hivi, ulipata hadhi ya mji kamili.

Kiini cha mpango huo kilikuwa ile kampuni ya malango na mifereji, ambayo sasa iliacha kuhudumia vyombo na kugeuka mwenye maji. Ilichimba mifereji, ikajenga majengo ya viwanda na mashine, ikavikodisha viwanja pamoja na haki ya kutumia maji. Kipimo cha kukodisha kiliitwa nguvu ya kiwanda kimoja, nacho kilikuwa ni maji yenye ujazo wa takriban mita 0.7 za ujazo kwa sekunde yakianguka kutoka kimo cha mita 9 hivi, kiasi kilichokadiriwa kutosha kuendesha pia 3,584 za kusokotea uzi pamoja na mitambo yote ya kufumia uzi huo, kwa kuwa hivyo ndivyo kilivyokuwa kiwanda cha pili cha Waltham. Ili mteremko usipotee bure, mifereji iligawanywa ngazi mbili: viwanda vya ngazi ya juu viliyatumia maji kwanza, vikayamwaga katika mifereji ya ngazi ya chini, ambako viwanda vingine viliyatumia tena kabla hayajarudi mtoni. Kampuni ya Merrimack pekee, kwa kuwa ilitangulia, ilipewa mfereji wa kutumia anguko lote kwa mkupuo mmoja. Hakuna mahali pengine Marekani wakati ule ambapo mto uligeuzwa mali ya kupimwa na kutozwa kodi kwa ukamilifu wa namna hii.

Mahitaji yalipozidi maji, wenye viwanda waliutazama mto hadi kwenye vyanzo vyake. Kuanzia miaka ya 1840, kampuni ya Lowell na ile ya mji jirani wa Lawrence zilijipatia umiliki wa mabwawa na haki za maji katika maziwa ya New Hampshire, likiwemo ziwa kubwa la Winnipesaukee, ili maji yahifadhiwe wakati wa mafuriko na kufunguliwa wakati wa kiangazi. Wakulima na wenye vinu wa huko, waliokuwa wakiona maji yao yakipanda na kushuka kwa amri ya watu wa mbali, walijaribu kulivunja bwawa moja mwaka 1859 bila kufanikiwa.

Kazi ya kuchimba ilifanywa kwa mikono ya Waayalandi. Mwaka 1822 Hugh Cummiskey aliwaongoza wenzake wapatao 30 kutembea kwa miguu kutoka Charlestown, karibu na Boston, hadi kwenye maporomoko kutafuta kazi hiyo, na kambi yao ndiyo iliyokuwa mtaa uitwao Acre. Ndani ya viwanda, kwa upande mwingine, waajiriwa wengi wa miongo ya mwanzo walikuwa wasichana wa mashambani waliolala katika nyumba za bweni za kampuni, chini ya mama msimamizi, na kuamshwa, kulishwa na kulazwa kwa mlio wa kengele. Walifanya kazi kiasi cha saa 73 kwa wiki. Mshahara wa fedha taslimu uliwapa uhuru ambao mama zao hawakuujua, na gazeti la *Lowell Offering*, lililotoka kati ya 1840 na 1845, lilijaa maandishi yao wenyewe, kiasi kwamba Charles Dickens aliyeutembelea mji mwaka 1842 aliondoka na nakala zake na kuyasifu. Hata hivyo ni wasichana haohao waliogoma mwaka 1834 mishahara ilipopunguzwa, wakagoma tena mwaka 1836 gharama za bweni zilipopandishwa, na waliounda mwishoni mwa 1844, chini ya uongozi wa Sarah Bagley, chama cha kudai siku ya kazi ya saa kumi. Walipeleka madai yao mbele ya bunge la jimbo, na bunge likakataa kutunga sheria. Sheria ya saa kumi kwa wanawake wa Massachusetts ilipatikana mwaka 1874.

Pamba yenyewe ilitoka kwenye mashamba ya Kusini yaliyolimwa na watumwa, na sehemu ya kitambaa kizito kilichofumwa Lowell ilirudi hukohuko kuwavisha watumwa hao, jambo ambalo sifa za mji kama kielelezo cha kazi huru zililipuuza kwa miaka mingi. Soko jingine la nguo za Massachusetts lilikuwa Afrika Mashariki. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, wafanyabiashara wa bandari ya Salem waliishika biashara ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa kiasi kwamba kutoka Unguja hadi ndani ya bara kilijulikana kwa jina la nchi kilikotoka, merikani, na kilitumika kama fedha katika misafara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilizigonga ncha zote mbili za biashara hiyo: huko Lowell kampuni nyingi zilisimamisha mitambo na kuuza akiba ya pamba kwa faida, na katika masoko ya Unguja nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi.

Mtu aliyeacha alama kubwa zaidi katika mifereji hiyo ni mhandisi James B. Francis, Mwingereza aliyefika akiwa kijana mwaka 1834 na kuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya mifereji miaka mitatu baadaye. Alisimamia uchimbaji wa mfereji wa Kaskazini, uliokamilika mwaka 1848, na kwenye mdomo wa mfereji wa Pawtucket akajenga mwaka 1850 lango kubwa la mbao lililoning'inizwa juu kwa chuma, likingoja mafuriko ambayo watu wengi hawakuamini yangekuja, hata wakaliita upumbavu wa Francis. Mwezi Aprili 1852 mto ulifurika, chuma kikakatwa, lango likashuka na mji ukaokoka. Likashushwa tena katika mafuriko makubwa ya 1936. Majaribio yake ya kupima mtiririko, aliyoyachapisha mwaka 1855, na uboreshaji wake wa turbini, yaani gurudumu lenye mapanga linalozungushwa na maji yanayopita ndani yake, viliipa dunia mtambo unaoitwa kwa jina lake mpaka leo. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, Tanzania, lina turbini tisa za aina ya Francis.

Viwanda vilianza kuhamia majimbo ya Kusini mapema katika karne ya 20. Kiwanda cha Boott kilifungwa katikati ya miaka ya 1950, cha Merrimack mwaka 1958, na katika muongo uliofuata majengo mengi, pamoja na safu za nyumba za bweni za Merrimack, yalibomolewa kwa jina la maendeleo. Hasara hiyo ndiyo iliyowazindua wakazi. Mwalimu Patrick Mogan alitetea wazo kwamba mji mzima, pamoja na mifereji, mitaa na lugha za watu wake, utumike kama darasa. Mbunge Paul Tsongas, mzaliwa wa Lowell, akalipeleka wazo hilo Washington, na Juni 1978 Rais Jimmy Carter akatia saini sheria ya kuanzisha Hifadhi ya Taifa ya Kihistoria ya Lowell. Inafaa kuzingatiwa kwamba mifereji, tofauti na nyumba za bweni, ilisalimika kwa sehemu kubwa kwa sababu maji yake yaliendelea kuwa na thamani.

Makumbusho makuu ya hifadhi, yaliyofunguliwa mwaka 1992, yamo katika kiwanda cha Boott Cotton Mills kando ya mfereji wa Mashariki. Katika ukumbi wa chini imepangwa mitambo 88 ya kufumia ya mwanzoni mwa karne ya 20, na hata inapoendeshwa michache tu kwa wakati mmoja, sakafu hutetemeka na wageni hupewa vizibo vya masikio. Wafumaji walisimama katika kelele kubwa kuliko hiyo kutwa nzima. Kitambaa kinachofumwa hapo huuzwa katika duka la makumbusho. Ghorofa za juu zinaeleza mtaji, pamba, utumwa na migomo, na maelezo hayo yana uzito kwa sababu mgeni huyasoma akiwa ametoka kusikia mitambo.

Hatua chache kutoka hapo, nyumba ya bweni iliyosalia ya Boott ni kituo cha utamaduni kilichopewa jina la Mogan, ambamo meza ya chakula, jiko na vyumba vya kulala vimepangwa upya, na ambamo historia haikomi kwa wasichana wa mashambani bali inaendelea kwa Waayalandi, Wakanada wenye asili ya Kifaransa, Wagiriki, Wapolandi, Wareno, na Wakambodia waliofika kwa wingi kuanzia miaka ya 1980 na kuifanya jamii yao ya Lowell kuwa miongoni mwa zile kubwa kabisa nchini Marekani. Katika kiwanda cha Suffolk kuna maonyesho ya turbini na jinsi mikanda ilivyopeleka nguvu yake hadi kwenye mitambo ya ghorofani. Nyumba alimozaliwa mchoraji James McNeill Whistler mwaka 1834, baba yake akiwa mhandisi wa mifereji, ilinunuliwa na chama cha sanaa cha mji mwaka 1908 na sasa ni makumbusho ya sanaa. Mfereji wa Middlesex nao una makumbusho yake madogo katika mji jirani wa Billerica, yanayoendeshwa na chama cha wapenzi wa historia.

Makumbusho ya Historia ya Nguo ya Marekani, yaliyoanzishwa North Andover mwaka 1960 na kuhamia Lowell mwaka 1997, yalikuwa na mkusanyo wa zana, vitambaa na nyaraka za ufumaji usio na mfano nchini, lakini yalishindwa kujiendesha na kufungwa mwaka 2016. Vifaa vyake viligawanywa kwa taasisi mbalimbali, na maktaba yake ikapelekwa Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, kwa hiyo mtafiti wa nguo za Lowell analazimika leo kufanya sehemu ya kazi yake nje ya bonde la Merrimack.