Mary Anderson, kitinda mimba wa Lidköping
Mary Anderson alizaliwa mwaka 1872 karibu na Lidköping, Uswidi, kitinda mimba katika familia ya wakulima yenye watoto saba. Dada yake Anna alitangulia Marekani. Barua zake ziliwavuta wadogo zake. Mary alivuka bahari akiwa na miaka 16, bila kujua Kiingereza. Huko Ludington, Michigan, aliosha vyombo katika bweni la wakata miti. Baadaye, viwandani Chicago, aliunga kwa cherehani vipande vya ngozi ya viatu, akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi.

Mwaka 1920 aliteuliwa mkurugenzi wa kwanza wa Ofisi ya Wanawake, Wizara ya Kazi ya Marekani. Aliiongoza hadi 1944. Wakubwa wachache serikalini waliijua kazi ya mikono kama yeye.