Nani Alilipia Moshi wa Steringi?

Tarehe 28 Aprili 1983, Sylvester Stallone alitia saini barua fupi. Ndani yake aliahidi kutumia bidhaa za kampuni ya sigara ya Brown & Williamson katika filamu zisizopungua tano, kwa malipo ya dola 500,000. Miongoni mwa filamu zilizotajwa zilikuwamo Rambo na Rocky IV. Mikanda hiyo baadaye ilijaza vibanda vya video huku kwetu, vijana wakipiga mbinja kila steringi alipoinuka baada ya kipigo. Hakuna mtazamaji aliyekuwa na habari ya barua hiyo. Ilijulikana mwaka 1994, nyaraka za siri za kampuni hiyo zilipovuja na kumfikia Profesa Stanton Glantz wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco.

Ninaisimulia historia hii kwa sababu wazazi wengi bado wanaamini kwamba kijana hufundishwa sigara na rafiki mbaya tu, basi. Rafiki huyo yupo, sikatai. Lakini yupo pia mwalimu mwingine aliyeingia sebuleni kwa ruhusa yetu, na kwa miongo mingi alikuwa akilipwa.

Malipo yalianza zamani, filamu zilipoanza kutoa sauti. Kuanzia mwaka 1927 kampuni za sigara za Marekani zilifunga mikataba na nyota wa Hollywood, mara nyingi kupitia studio zenyewe. Nyota alisifu sigara fulani magazetini na redioni, na tangazo hilo hilo likainadi filamu yake mpya, kwa hiyo studio na kiwanda cha sigara vilifaidi pamoja. Watafiti waliopekua mikataba hiyo waliichapisha mwaka 2008. Waligundua kwamba theluthi mbili ya nyota 50 waliovuta watazamaji wengi zaidi, kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1940, walitangaza sigara. Clark Gable, Joan Crawford na Gary Cooper ni baadhi yao. Kampuni ya American Tobacco peke yake, yenye sigara ya Lucky Strike, iliwalipa waigizaji dola 218,750 mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwa thamani ya mwaka 2008, hizo ni zaidi ya dola milioni tatu.

Si kila sigara ya enzi zile ilinunuliwa. Wapiga picha waliupenda moshi kwa sababu zao: katika filamu za nyeusi na nyeupe ulinasa mwanga wa taa, na mwigizaji asiyejua aiweke wapi mikono yake alipewa kiberiti. Katika Now, Voyager ya mwaka 1942, Paul Henreid anaweka sigara mbili mdomoni, anaziwasha pamoja, kisha anampa Bette Davis moja. Watu wazima walilitazama tendo hilo wakaliona ndilo penzi lenyewe. Mwaka huo huo Humphrey Bogart alicheza Casablanca, sigara haimtoki mkononi. Alifariki Januari 1957 kwa saratani ya umio, akiwa na umri wa miaka 57. Kifo hicho hakuna filamu yake iliyokionyesha. Nadhani hapo ndipo penye udanganyifu wote: kwenye filamu mtu huvuta miaka na miaka bila kukohoa, wala harufu haimkai nguoni.

Januari 1964 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, Luther Terry, alitangaza kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Matangazo ya sigara yakapigwa marufuku kwenye redio na televisheni za nchi hiyo kuanzia Januari 1971. Kampuni zikahamia ndani ya hadithi yenyewe. Philip Morris ililipa pauni 20,000 ili Marlboro ionekane katika Superman II, iliyotoka mwaka 1980. Lois Lane, mwandishi wa habari ambaye katika vitabu vya katuni hakuwa mvutaji, akapewa sigara, na Superman akatupwa na adui zake kwenye lori lenye jina la Marlboro. Hiyo ni filamu ambayo wazazi waliwashika watoto mkono kuwapeleka! Mwaka 1989 kampuni hiyo hiyo ililipa dola 350,000 ili sigara yake ya Lark iingie katika Licence to Kill ya James Bond. Mlango huo ulifungwa kisheria mwaka 1998, kwa makubaliano kati ya kampuni kubwa za sigara na majimbo 46 ya Marekani.

Je, kutazama tu kunatosha kumfanya mtoto awashe? Watafiti wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walichunguza swali hilo kwa watoto wa New Hampshire na Vermont wenye umri wa miaka 10 hadi 14 ambao hawajawahi kuvuta. Waliwauliza wameona filamu zipi, wakahesabu matukio ya uvutaji ndani yake, kisha wakawafuatilia zaidi ya 2,600 kwa mwaka mmoja hadi miwili. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2003. Katika robo ya watoto walioona uvutaji mchache zaidi, asilimia 3 walianza kuvuta. Katika robo ya walioona mwingi zaidi, asilimia 17. Hata baada ya kuzingatia tofauti nyingine za maisha yao, hawa wa pili walikuwa na uwezekano mara 2.7 zaidi.

Ndani ya utafiti huo kuna jambo linaloniuma kuliko takwimu hizo. Athari ya filamu ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao wazazi wao hawavuti. Baba aliyejinyima sigara ili mwanawe asiijue, mama aliyekataza mgeni asivute ndani, ndio ambao watoto wao walichotwa zaidi na kioo. Mwaka 2012 ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ilikata shauri: uvutaji kwenye filamu husababisha vijana kuanza kuvuta.

Wapo waliojirudi. Joe Eszterhas, mwandishi wa Basic Instinct, filamu ambayo Sharon Stone anavuta mbele ya polisi wanaomhoji, aligundulika na saratani ya koo mwaka 2001. Mwaka uliofuata aliandika katika New York Times akijihesabu mshiriki wa vifo vya watu asiowajua. Mwaka 2015 Disney ilitangaza kuiondoa sigara katika filamu zake za vijana. Netflix nayo ilitoa ahadi ya aina hiyo mwaka 2019, baada ya kuelezwa kwamba matukio ya tumbaku katika Stranger Things, tamthilia ambayo mashujaa wake ni watoto, yalipanda kutoka 182 msimu wa kwanza hadi 262 msimu wa pili.

India, ambayo filamu zake zimependwa Pwani yetu tangu enzi za Raj Kapoor, ilichukua njia kali zaidi. Tangu Oktoba 2012 filamu yenye sigara lazima itanguliwe na onyo la afya, lirudiwe katikati, na maandishi yatokee chini ya picha wakati mtu anavuta. Mwaka 2013 Woody Allen alikataa sharti hilo, na Blue Jasmine haikuonyeshwa huko.

Tanzania ilipata sheria yake ya tumbaku mwaka 2003, Kenya 2007, Uganda 2015. Sheria hizo zinalibana tangazo, lakini filamu kutoka ng'ambo inamfikia kijana kwa simu akiwa kitandani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza filamu zenye uvutaji ziwekwe katika daraja la watu wazima, zitanguliwe na onyo, zisionyeshe jina la sigara yoyote, na watengenezaji wathibitishe kwa maandishi kwamba hawakupokea chochote kutoka kwa kampuni za tumbaku. Bodi ya Filamu Tanzania na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya tayari zinapanga filamu kwa umri wa watazamaji. Naziomba zianze na hilo la mwisho, la hati ya malipo, na zianze na tamthilia zetu wenyewe, ambazo kila jioni zinatazamwa na nyumba nzima, mtoto akiwa mstari wa mbele.