Koo za seli za saratani ya matiti

Ukoo wa seli ni kundi la seli zilizotoka katika mwili wa mtu mmoja na kuendelea kugawanyika maabarani kizazi baada ya kizazi. Koo za seli za saratani ya matiti hutumika kupima dawa kabla hazijamfikia mgonjwa.

Ukoo mashuhuri kuliko zote, MCF-7, ulitokana na majimaji ya kifuani ya mtawa mmoja wa Marekani mwaka 1970. Herbert Soule na wenzake wa Detroit waliutangaza mwaka 1973. Seli zake zina vipokezi vya homoni ya estrojeni, hivyo zimesaidia sana kueleza jinsi dawa ya tamoksifeni inavyofanya kazi.

Kuanzisha ukoo ni kazi ngumu. Mama wa Mlandege, Iringa, akikatwa kinyama titini kwa uchunguzi, kinyama hicho hutiwa kwenye formalini. Dawa hiyo hutunza umbo la tishu ili ugonjwa uonekane kwa hadubini, lakini huua seli. Kinyama cha kuoteshwa lazima kifike maabarani kingali hai, ndani ya kimiminika cha lishe, kisha kitunzwe kwenye nyuzijoto 37. Hata hapo, mara nyingi seli za kawaida huota haraka na kuzisonga zile za saratani.

Ukoo ukishaota, hutambuliwa: alama za DNA hulinganishwa na za mgonjwa, vipokezi hupimwa, na vimelea vya mikoplazma hutafutwa. MDA-MB-435 ulitumika miaka mingi kama saratani ya titi, hadi vipimo vya DNA vilipoonyesha kuwa unalingana na M14, ukoo wa melanoma, saratani ya ngozi.

Afrika Mashariki imechangia koo za seli kupitia saratani nyingine, limfoma ya Burkitt. Desemba 1963, sampuli ya limfoma hiyo kutoka Kampala ilichelewa kufika London kwa sababu ya ukungu, ikawasili majimaji yake yakiwa na utusitusi. Mtafiti Anthony Epstein alipoyatazama kwa hadubini, aliona seli hai zikielea. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli zilizooteshwa. Ukoo uitwao Daudi, uliotokana na kijana wa Kenya mwenye limfoma hiyo, ungali unatumika.

Kwa matiti, koo zinazotumika zaidi zimetoka Marekani na Ulaya. Za wanawake wa Afrika ni chache mno, ilhali dawa zinazopimwa kwa koo hizo za Marekani na Ulaya hutumika pia Iringa na Mbeya.