Kano ya goti ikikatika, kipandikizi kitoke wapi?

Miaka sita iliyopita, nikicheza mpira mchangani huku Likoni, mguu ulibaki chini nami nikageuka. Nilisikia "ta!" ndani ya goti. Kufikia magharibi lilikuwa limefura kama dafu, na picha ya MRI ikaonyesha kano ya mbele ya msalaba, ile madaktari waitayo ACL, imekatika. Ni jeraha lililomweka nje Virgil van Dijk wa Liverpool kuanzia Oktoba 2020 hadi Julai 2021.

Si kila aliyekatika hupasuliwa. Asiyecheza michezo ya kukatakata kona, na ambaye goti halimtoki, huweza kuishi vyema kwa mazoezi ya viungo pekee. Anayepasuliwa, kwa kawaida hashonwi ile iliyokatika. Hutiwa kano nyingine badala yake, mara nyingi iliyotolewa mwilini mwake mwenyewe. Hapo ndipo penye swali ambalo mimi sikuulizwa. Nilipewa tarehe na gharama. Hakuna aliyetaka kujua kama mimi hupiga magoti.

Nilichotwa kipande cha katikati cha kano iliyo chini ya pia ya goti, ambayo wazee huiita kilegesambwa, pamoja na kibanzi cha mfupa kila ncha. Sifa yake ni kweli: mfupa hushikana na mfupa haraka, goti hukaza, na wanasoka wengi wa kulipwa hutiwa hiyo. Lakini pale mbele palipochotwa huweza kuuma ukipiga magoti, na kwa wengine maumivu hayo hudumu miaka. Mimi ni mmoja wao. Nina miaka 38 na naswali juu ya kiti mwisho wa safu, huku wazee wa miaka 70 wakisujudu mbele yangu.

Njia ya pili ni kano za nyuma ya paja, upande wa ndani. Hukunjwa zikawa nene. Maumivu ya kupiga magoti huwa machache, ila nguvu za kukunja goti hupungua, jambo ambalo mkimbiaji atalihisi. Kuna jingine la kuuliza: madaktari hupendelea kipandikizi kisipungue unene wa milimita 8, na kwa mtu mwembamba kano hizi huenda zisifike hapo. Hilo wakati mwingine hujulikana wakati mgonjwa yuko mezani, kwa hivyo uliza mapema daktari atafanya nini likitokea.

Kano ya mbele ya paja, juu ya pia ya goti, ni nene na haiachi uchungu mwingi pale tunapopigia magoti. Misuli ya paja ndiyo hudhoofika mwanzoni. Huko Indonesia na India madaktari wameandika pia juu ya kano inayopita nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa nje. Goti huachwa bila kuchotwa chochote, na kano jirani hubaki kushika kazi.

Ya maiti huokoa kidonda cha pili, lakini kwa vijana wachezaji hukatika tena zaidi kuliko ya mwili wao. Hukumu yake ya dini niwaachie masheikh. Za kutengenezwa kiwandani zilisifiwa sana miaka ya 1980, kisha nyingi zikasagika ndani ya magoti ya watu.

Yoyote utakayotiwa, miezi ya mwanzo huwa dhaifu kabla haijapata damu na kukomaa. Maumivu huisha mapema, nawe ukadhani umepona. Usirudi uwanjani kabla ya miezi 9, hata kama timu ya mtaa yakuita kila Jumapili.

Mpwa wangu wa Kisauni ni fundi wa vigae. Kutwa yuko magotini. Yeye apasuliwa mwezi ujao. Nimemwandikia kwenye karatasi: mwambie daktari kazi yako, mwambie unaswali, muulize atachota wapi na kwa nini, kisha akuonyeshe kwa kidole. Jana alinipigia simu akasema wamekubaliana ya nyuma ya paja, na ikiwa nyembamba, ya mbele juu ya pia.