Uondoaji wa hewa ukaa angani

Uondoaji wa hewa ukaa angani ni kazi ya kuitoa katika angahewa gesi ya dioksidi kabonia na kuihifadhi kwa muda mrefu katika miti, udongo, miamba au bahari, ili kupunguza mabadiliko ya tabianchi. Ni tofauti na kuzuia gesi hiyo isitoke viwandani au kwenye magari, kwa kuwa hushughulika na ile iliyokwisha kuingia angani.

Umuhimu

Kabla ya mapinduzi ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, takriban 280 zilikuwa dioksidi kabonia. Mwaka 2024 zilizidi 420. Mwaka 2022 jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi (IPCC) lilieleza kwamba uondoaji huo hauepukiki ili kufidia gesi ambayo ni vigumu kuizuia. Hata hivyo, hauchukui nafasi ya kupunguza matumizi ya makaa ya mawe na mafuta.

Njia

Njia ya kale ni mimea. Kwa usanisinuru mti hufyonza dioksidi kabonia na kujenga mwili wake. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Tani 1 ya kaboni hutokana na tani 3.67 hivi za dioksidi kabonia. Mti ukiungua au kuoza, gesi hurudi angani. Ukipasuliwa mbao za kujengea, kaboni hubaki humo kwa miaka mingi.

Njia nyingine ni mashine. Kiwanda cha Orca nchini Iceland, kilichoanza mwaka 2021, kilibuniwa kunasa hadi tani 4,000 kwa mwaka. Gesi huchanganywa na maji na kusukumwa chini ya ardhi, ambako hugeuka kuwa jiwe. Njia hii ni ghali na huhitaji nishati nyingi.

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania

Mikoa ya Iringa na Njombe ina mashamba makubwa ya miti, kama vile Sao Hill wilayani Mufindi na mashamba ya miwati ya Njombe yaliyoanzishwa mwaka 1949. Wakulima wadogo pia hupanda misindano na mikaratusi. Moto ndio adui mkubwa: hekta zilizokua kwa miaka 15 zinaweza kuteketea kwa siku moja.

Si kila mahali panafaa kupandwa miti. Jirani na Matamba, wilayani Makete, ipo Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005. Ni uwanda wa nyasi na maua, na ni chanzo cha maji ya Ruaha Mkuu. Nyasi za namna hiyo huhifadhi kaboni nyingi ndani ya udongo. Kuzilima ili kupanda miti ya kigeni huweza kuitoa kaboni hiyo, kupunguza maji na kuangamiza mimea ya asili.

Biashara ya kaboni

Tangu mwaka 2022 Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mikataba yake huweza kudumu miongo kadhaa. Kwa hiyo kijiji kinachotia saini huamua pia matumizi ya ardhi ya watoto wake.