Mfupa wa Taya

Kichwa cha mbuzi kikichemshwa sana, taya lake la chini huachana kidevuni likawa vipande viwili, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia. Nadhani hapana mpishi asiyelijua jambo hili. Je, taya la mwanadamu nalo ni vipande viwili? Matabibu wa zamani walisema ndivyo, na neno lao lilikubaliwa zaidi ya miaka elfu.

Aliyelieneza ni Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinusi. Alizaliwa mjini Pergamo mwaka 129, akawatibu watu waliopigana uwanjani kwa silaha, kisha akaenda Rumi akawa tabibu wa wafalme. Zamani zake haikuwa desturi huko kupasua maiti za watu kwa kujifunza. Kwa hiyo alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, akayapima ya mtu kwa hayo. Tusimdharau, maana mengi aliyoandika juu ya misuli na mishipa ni kweli. Ila vitabu vyake viliheshimiwa kupita kiasi, hata mtu aliyeona jambo lisilopatana navyo aliyashuku macho yake mwenyewe.

Mwaka 1200 mto Nili haukujaa kama kawaida, na njaa kuu ikaishika Misri mpaka mwaka 1202. Wakati huo alikuwako huko Abdul-Latif wa Baghdadi, mtu wa elimu nyingi. Wanafunzi waliosoma kwake vitabu vya Jalinusi walishindwa kuifahamu mifupa kwa maneno matupu. Wakapata habari ya kilima huko al-Maks, karibu na Kairo, kilichojaa mifupa ya wafu, wakatoka kwenda kutazama. Twaona haya kuisimulia safari hiyo kama kwamba ni somo la darasani tu, kwa sababu mifupa ile ilikuwa ya watu waliokuwa na majina na jamaa zao.

Abdul-Latif alitazama mataya, akayaona kila moja ni mfupa mmoja, usio na kiungo wala mshono kidevuni. Hakujiamini upesi. Aliwataka wengine watazame, mbele yake na nyuma yake, nao wakasema vile vile. Wakapita mafuvu zaidi ya 2,000. Ndipo akaandika kwamba ushahidi wa macho una nguvu kuliko neno la Jalinusi. Walakini kitabu chake hakikupigwa chapa kwa Kilatini hata mwaka 1800.

Basi huko Ulaya kazi ile ile ilimngoja mwingine. Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, alifundisha Padua katika Italia, akipasua maiti kwa mikono yake mwenyewe mbele ya wanafunzi. Mwaka 1543, akiwa na umri wa miaka 28, alitoa kitabu kikubwa juu ya ujenzi wa mwili wa mwanadamu. Humo taya la chini ni mfupa mmoja. Tena mna picha ya fuvu la mtu limewekwa juu ya fuvu la mbwa, msomaji apate kulinganisha mwenyewe.

Mwalimu wake wa zamani wa Paris, Jacobus Sylvius, alikasirika sana. Mwaka 1551 aliandika kumshambulia, akamwita mwenda wazimu. Alipobanwa na mambo yaliyo dhahiri alidai kwamba Galen hakukosa, bali miili ya watu imebadilika tangu siku zake! Sisi tulio waalimu twamcheka, lakini hatucheki kwa sauti kubwa.

Leo yajulikana kwamba fuvu la mtu mzima lina mifupa 22, na taya la chini ni mmoja wa hiyo. Uume meno huku vidole viko shavuni, kisha panjani. Utasikia misuli inayolivuta ikivimba. Na mtoto mchanga? Yeye huzaliwa na taya la vipande viwili kweli, navyo huungana kidevuni katika mwaka wake wa kwanza, wakati mamaye anapoanza kumpa uji.